Maji ya Kwanza

Malindi, Unguja
6 Februari 2024

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu jana: ulimi wako ulivyogonga kaakaa, mara moja tu, halafu ukanyamaza. Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila silali vizuri.

Nilikuwa nasikiliza tena rekodi nilizochukua kwako mwaka jana, kwa sababu bosi wangu Hafiz anataka tuchape upya kile kitabu cha dawa zako za uzazi. Dawa kumi na moja, umezisema kwa mfululizo. Ulipofika kwenye mzizi wa kusafisha tumbo baada ya kujifungua, ulimi ukagonga, kimya, kisha ukasema, "Basi, hiyo ndiyo."

Nilipokuwa naandika kitabu sikuisikia. Sasa siwezi kuacha kuisikia, na kitabu kiko madukani tangu Disemba. Uliacha kitu? Nilipokupigia kukuuliza ulikata, ukasema simu yako ina masikio ya majirani. Basi niandikie.

Mwanao,
Nadhira

Jongowe, Tumbatu
11 Februari 2024

Mwanangu Nadhira, marahaba. Huku sote wazima. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla yangu. Wewe na baba yako hamjambo?

Nimecheka peke yangu mpaka Bi Mashavu wa jirani akachungulia. Umesomeshwa hadi chuo kikuu uje kusikiliza ulimi wa kizee! Labda nilikuwa na tambuu mdomoni. Kitabu chako kizuri, nimekiweka juu ya kabati, kila ajaye namwonesha jina langu. Anayetaka dawa anaijua nyumba yangu.

Kula, ulale. Nnakuletea dagaa.

Shangazi yako,
Wanu

Malindi
14 Februari 2024

Shangazi, shikamoo. Leo sikuulizi goti, unisamehe.

Huku mjini, mtaa wa Mpendae, kuna mwanamke anaitwa Ulfat, ana wiki mbili tangu ajifungue. Mama mkwe wake alinunua kitabu chetu, akampikia mzizi ule neno kwa neno kama nilivyoandika. Jana kalazwa. Anatapika, moyo unapiga polepole, na anamwita mtoto aliyelazwa ubavuni pake, kwa sababu hamwoni.

Mumewe alikuja ofisini na kitabu mkononi, kidole bado kimo ndani ya ukurasa. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Dada, wewe ndiye uliyeandika hapa?" Nikasema naam.

Hafiz anataka ninyamaze mpaka daktari aseme. Daktari ananiuliza mimi. Nipe hilo neno ulilolizuia. Mcha, anayekuletea barua hii, hatoondoka mlangoni kwako bila jibu.

Mwanao,
Nadhira

Jongowe, siku hiyo hiyo

Nadhira, nnaandika mbio, soma hivyo hivyo. Mzizi huchemshwa mara mbili. Maji ya kwanza humwagwa, mbali na kuku. Yanayonywewa ni ya pili. Nenda kamwambie daktari kabla hujaendelea kusoma.

Sikukusudia ubaya. Bibi yako ndiye aliyenifunza: dawa ikiondoka bila wewe kumwona mgonjwa, itoe pungufu, ili mtu arudi aulize nawe umtazame. Miaka arubaini wanarudi. Sikujua kwamba mwenye kitabu hana haja ya kurudi.

Nnaogopa, mwanangu. Wakijua huku, hapana atakayeniwekea tena mtoto mkononi, na yule mwanamke akifa wataniita muuaji. Sema ni kosa la mashine. Sema umekosea wewe. Wewe kijana, watu watasahau. Mimi sina miaka ya kungojea wasahau.

Shangazi yako, nnakuomba

Malindi
17 Februari 2024

Shangazi yangu, shikamoo. Barua yako ilifika magharibi, na nilikimbia hospitali nikiwa nimesoma mistari mitano tu. Ulfat yu hai. Jana alitambua mwanga wa dirisha. Uso wa mwanawe, bado.

Niliporudi nilikaa nikaandika ulivyotaka: kosa la uchapaji, ukurasa wa thelathini na nne, na jina langu chini. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na hapo ndipo nilipoogopa. Zimebaki dawa kumi. Nimezisikiliza zote tena, sijui ipi nzima, ipi pungufu. Watu wangesahihisha ukurasa mmoja, wakaendelea kuamini kurasa nyingine. Nilikupigia mara tisa nikuulize. Hukupokea.

Nilipomwambia Hafiz kwamba nitasema kweli yote, alisema, "Utamzika shangazi yako mzima mzima."

"Najua," nikamwambia.

"Na mimi je?"

"Na wewe."

Leo saa tatu asubuhi nimesema redioni. Nimewaambia watu wasitumie dawa hata moja ya kitabu kile, wakirudishe. Nimewaambia zilitolewa pungufu kwa desturi, nami nikazichapa kama nzima bila kuuliza. Mtangazaji akaniuliza zimetoka kwa nani. Wenye kitabu wanaliona jina lako kwenye jalada, lakini wapo waliozichukua mdomoni mwako, miaka arubaini, na hao hawana jalada. Nimelitaja jina lako, nikaitaja Jongowe, kisha nikajitaja mimi.

Mwanao,
Nadhira