Mche wa Sabuni Kabla ya Chuma

Mama Nekesa mpendwa,

Shule ya misheni ilitufundisha kuanza barua kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, kisha kueleza hali ya anayeandika. Niwie radhi kwamba leo nairuka sehemu ya kwanza. Sina namna ya kuuliza nikapata jibu, na hata ulipokuwa nami hapa Bungoma, kuelekea mwisho jibu lako sikuliamini sana. Jambo hilo nitalirudia, ukiniruhusu.

Mimi ni mzima. Nyasi zimeshika vizuri juu ya kaburi lako na mvua haikulibomoa. Ninakuandikia kwa sababu ya karakana yetu ya Kitale, ambako binti yetu Nekesa sasa ndiye msimamizi, nami ni mzee anayekwenda kuketi kwenye kibao na kuwachelewesha watu kwa maswali.

Nekesa alitaka kuiondoa kompyuta yako. Namaanisha ile yenye programu uliyojifunza peke yako ulipostaafu kufundisha hesabu, ili uielekeze mashine yetu ya kukata chuma mahali pa kupitisha kisu. Kabla ya kutoboa hata kitundu kimoja, programu ile ilitaka kujua unene wa kisu, kasi yake, upande wa kuingilia, na mahali kipande kiliposhikwa mezani. Mafundi waliichukia. Fundi Wafula alikuwa akikuambia, "Mama, hii kompyuta yako inahoji watu kama chifu, bana." Nawe ulimjibu bila kugeuka, "Heri ikuhoji yenyewe sasa kuliko nikuhoji mimi jioni."

Programu mpya haihoji mtu. Ililetwa na bibi mmoja kutoka kwa wauzaji, mwenye sauti laini, aliyenisalimu kwa mikono yote miwili. Aliweka mchoro wa gurudumu la ndani la pampu tuliloagizwa, lenye mabawa yaliyopinda, akabonyeza mara moja, na njia nzima ya kisu ikajichora. Kisha picha ya rangi ikaonyesha kwenye kioo jinsi gurudumu litakavyokatwa hadi likamilike. "Mzee, hii hata wewe utaiweza leo leo," alisema. Nilimshukuru, tena kwa heshima. Lakini nisamehe, moyoni nilikwisha kumshuku. Mtu akiniambia jambo gumu limekuwa rahisi, mimi hutaka kujua ule ugumu umepelekwa wapi.

Ni haki nikueleze pia upande wa Nekesa. Tangu uondoke, programu yako haina mwingine anayeiweza ila yeye, naye hushinda mbele yake hadi macho yawe mekundu, wateja wakingoja nje. Hii mpya Wafula aliishika kabla ya chai ya saa nne. Na gurudumu lile ni la mkulima wa Tongaren ambaye nyanya zake zilikuwa zikinyauka kwa kukosa maji, na bonge la alumini la kulichonga lilikuwa moja tu. Likiharibika, hatuna lingine. Binti yetu alikuwa ameniahidi kwamba hataichomoa kompyuta yako bila idhini yangu. Akaniangalia, akasema, "Baba, Mama hayupo. Sasa tungoje nani?"

Nikaomba sabuni.

Yule bibi alicheka kidogo, akanieleza kwamba picha ya kwenye kioo ndiyo jaribio lenyewe. Nekesa alitazama chini. Wafula aliondoka bila kutumwa, akarudi na ile sufuria yako nyeusi na mche wa sabuni ya kufulia. Akaukata vipande, akauyeyusha, akaumwaga katika kalibu ya duara, kama ulivyotuzoeza, kwamba hapa kwetu chuma hakiguswi kabla sabuni haijakatwa. Iliposhika, akaifunga kwenye ubao kwa vibano ulivyovichonga mwenyewe kwa mti wa mkaratusi, vyenye umbo lilelile la vile vya chuma.

Kisu kikashuka. Harufu ya sabuni ikajaa karakana, nami nikageuka kidogo kuelekea mlangoni. Mama Nekesa, mabawa yalitoka mazuri mno. Sijapata kuona mpindo laini kama ule. Nilianza kuona haya kwa kumshuku mgeni aliyetujia kwa wema. Kisha, bawa la mwisho lilipokwisha, kisu kikainuka kidogo tu, kikakatiza kurudi kwao, na kikang'oa pembe ya kibano chako. Kipande cha mti kikaangukia karibu na kiatu changu.

"Ingekuwa kile cha chuma, kisu na bonge vingeharibika," alisema Wafula.

Yule bibi hakukasirika. Alibonyeza alama ndogo pembeni ya kioo, ukurasa mwingine ukafunguka, wa wataalamu. Maswali yako yote yalikuwamo, na mengine ambayo programu yako haijawahi kuyaota. Uwezo wake ni mkubwa kuliko wa yetu, sitasema uongo. Swali la vibano lilikuwamo pia, na lilikuwa limekwisha kujibiwa: hakuna vibano. Limejijibu lenyewe, na hakuna aliyetuambia kwamba kuna lililoulizwa.

"Haya tuliyaficha tu ili yasitishe watu," alisema kwa upole.

Maneno hayo nilirudi nayo Bungoma na hayajaniacha. Kitu kisichojua sikiogopi sana, maana ujinga huonekana mapema. Ninaogopa kinachojua, kisha kikanyamaza kwa adabu ili mimi nisitishike.

Sasa naomba radhi kwa linalofuata. Ulipoanza kupungua mwili, nilikuuliza. Ulisema, "Ni uchovu tu, Baba Nekesa," ukanimiminia chai na ukatabasamu, nami nikaishika chai. Wiki uliyozikwa, muuguzi mmoja wa Kitale alikuja kutoa pole, akasifu ujasiri wako wa miezi ile yote. Nilimshukuru. Sikujua anazungumzia miezi ipi.

Wewe, ambaye hukukubali mashine isogee hata unywele kabla ya kuambiwa kila kitu, mimi ulinionyesha picha ya rangi. Tangu siku ile nimekuwa nikizirudia safari zako za Kitale moja moja, nikijiuliza ipi ilikuwa ya karakana na ipi ya hospitali. Ni jambo la aibu kumshuku marehemu, tena mke mwema. Silaumu. Nadhani ulitaka nisitishike. Lakini ningependa kutishika pamoja nawe.

Idhini nimeitoa. Programu mpya imeingia, kwa sharti kwamba ukurasa ule wa wataalamu ufunguliwe kwanza na kila swali lijibiwe na mtu, kisha sabuni, kisha chuma. Gurudumu la Tongaren lilikatwa hivyo, na nasikia maji yanapanda. Hata hivyo siiamini. Nimeikubali tu. Kompyuta yako iko kwenye rafu, imefunikwa kitambaa, na kile kibano kilichong'oka pembe kiko hapa mezani ninapoandika.

Ijumaa iliyopita mafundi walipokwenda zao, nilimwuliza Nekesa hali yake. "Niko sawa, Baba," alisema, kwa sauti yako kabisa. Zamani ningechukua kofia yangu nikamtakia jioni njema. Safari hii nilivuta kibao, nikaketi, nikamwuliza tena. Alipangusa vumbi la sabuni mezani kwa muda mrefu, mahali pale pale palipokwisha takata. Kisha akaniambia. Aliyoyasema ni yake, sitayaandika, hata kwako.

Basi pumzika, mke wangu. Ninakuahidi kwamba binti yetu hataniambia yuko sawa nikaondoka kwa jibu la kwanza, na kwamba katika karakana ile sabuni haitaisha ningali hai. Siku nitakayofika ulipo, uniwie radhi mapema: nitakuuliza hali yako, na sitanyanyua kikombe hadi uwe umejibu.

Ni mimi mumeo,
Yohana