Hodi chini ya ngome

Bibi yangu,

Shikamoo, naubusu mkono wako kutoka huku kwenye baridi. Asubuhi Mjomba alinipeleka pwani, chini ya ngome hii ya kwenye picha ya kadi, kutafuta mabaki ya vitu vya askari wa zamani kwa mashine yake inayolia ikipita juu ya chuma. Kulikuwa na ukungu, na watu tulikuwa sisi wawili tu. Tulipata kifungo cha sare. Kabla ya kuchimba Mjomba hupiga hodi, kwani anasema vitu hivi vina wenyewe.

Nilikuwa nyuma ya jabali nikikisafisha kifungo, mashine ikalia kwa nguvu. "Hodi," akasema Mjomba. Nami, kwa mazoea uliyotulea nayo, nikaitika, "Karibu."

Nilipotokea, alikuwa ameshaizima mashine. "Twende zetu, mwanangu. Mwenyewe kaitika."

Niliona haya kusema. Garini nikajikaza, nikamwambia ni mimi. Tulipofika Darsait, mtaani kwake, akaniuliza taratibu, "Na ile karibu ya pili?"

Bibi, mimi niliitika mara moja tu. Kesho tunakirudisha kifungo. Tusomee dua, na ujifunike vizuri usiku.

Mjukuu wako akupendaye,
Zuwena