Mkate wa Moto Siku ya Theluji

Ras al-Wadi, Alhamisi, 9 Januari 1992
Asubuhi: theluji hadi magotini, hakuna upepo.

Dada Wisal,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Sisi tu wazima. Baba bado analalamikia magoti, nami bado namkanda kila jioni tangu Mama atutoke. Nanyi huko Aqaba? Watoto hawajambo?

Leo Ghalib na wazee wake wa kijiji cha Suf walikuwa waje kuniposa, saa tisa alasiri. Kahawa niliikaanga jana. Nikaamka, mizeituni yote myeupe, na redio inasema shule zimefungwa. Baba akatoka, akarudi saa nne, masharubu yamejaa theluji, mikate minne ya moto ndani ya koti.

"Barabara imekufa," akasema. "Nimewapigia simu Suf kutoka dukani. Watakuja wiki ijayo, inshallah. Leo ni siku yetu wenyewe."

Nisikufiche, niliingia chumbani nikalia. Nilipotoka, kaka yetu Hikmat akanipiga bonge la theluji palepale mlangoni. "Bibi harusi! Mbona macho mekundu? Au mahari imeganda?" Wanawe wakaleta bakuli la theluji safi kutoka juu ya paa, tukaimwagia asali ya zabibu kama alivyotufanyia Mama. Baba akala mabakuli mawili kwa mkate wa moto, akatuchomea viazi juu ya jiko la mafuta ya taa. Alicheka, dada! Sijamsikia akicheka hivyo kwa miaka mitatu.

Jioni akaiomba ile kahawa ya posa. "Itaharibika bure," akasema. Unajua mwenyewe, mgeni wa posa haigusi mpaka ombi lake likubaliwe. Baba alikunywa yote, akalamba midomo.

Mdogo wako,
Rihab


Aqaba, 22 Februari 1992

Rihab, mdogo wangu,

Huku ni jua, na hatujambo. Wasalimie wote. Sitazunguka.

Shangazi yake Ghalib, jirani yangu, kaniambia jana kwamba kijana kachumbia kwingine, huko Jerash. Nikamuuliza sababu. Akanitazama kama niliyemtukana. "Unaniuliza mimi? Muulize mdogo wako! Wanaume kumi na wawili wameshavaa majoho, magari yananguruma, baba yenu anapiga simu: binti kalia usiku kucha, hamtaki, msije mkaaibika."

Rihab, mimi ndiye niliyewatafuta watu wale. Una miaka thelathini na mmoja. Kama hukumtaka, ulishindwa kuniambia mimi? Sasa nikikutana na yule mama ngazini naweka wapi uso wangu?

Dada yako,
Wisal


Ras al-Wadi, Jumatatu, 2 Machi 1992
Asubuhi: manyunyu. Theluji imebaki kidogo tu, kivulini nyuma ya zizi.

Dada Wisal,

Nakuombea afya, wewe na wanao. Yangu usiniulize.

Sikumkataa. Wiki saba nimeingoja hiyo "wiki ijayo" ya Baba. Kila nikiuliza, mara Suf wana msiba, mara wana mgonjwa.

Jana, barua yako ilipofika, nilifungua shajara yangu. Tarehe tisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Saa mbili na nusu, theluji imekoma. Saa tatu, greda limepita, limezoa theluji. Saa nne, Baba kaleta mkate wa moto." Dada, hapa kijijini hatuna tanuri. Mkate huletwa na gari kutoka Jerash, na gari hilo hupita Suf. Niliila hiyo barabara iliyo wazi, kwa asali ya zabibu, huku nikicheka.

Nikamwekea Baba barua yako mapajani. Hakukana.

"Nani angenikanda?" akasema. "Mke wa Hikmat? Yule hata maji hunipa kama anayemwagilia mbwa." Akajikanda goti. "Na siku ile, binti yangu, haikuwa nzuri? Sema kweli."

Ilikuwa nzuri, dada. Hapo ndipo anaponichoma. Tangu Mama afe sijapata siku nyingine kama ile, na sasa hata hiyo kaniharibia. Hikmat anaapa kwamba hakujua. Sijamuuliza mara ya pili.

Baada ya Magharibi nilimpelekea Baba kahawa kama kawaida. Akakiweka kikombe mbele yake, mikono juu ya magoti, mgongo wima, vile wanavyokaa wazee waliokuja kuposa.

"Sinywi," akasema, "mpaka unipe nilichokujia."

Nikaketi ng'ambo ya jiko, nikaendelea kufuma soksi. Kikombe kikaacha kutoa moshi. Akaniita kwa jina langu, mara mbili. Kisha akaniita kwa jina la Mama.

Nilipomaliza safu nikainuka, nikakichukua kikombe, nikatoka nacho hadi nyuma ya zizi, nikakimwaga juu ya ile theluji ya mwisho. Nikakiosha. Magoti sikumkanda.

Mwambie jirani yako ukweli, au usimwambie. Kijana amekwisha kuchumbia.

Shajarani nimeandika kama siku zote: hali ya hewa, mkate, kahawa. Na chini kabisa: nimelala saa nane na robo usiku.

Mdogo wako,
Rihab