Skii za Kipimo cha Baba

Črna na Koroškem,
9 Machi 2014

Mpendwa mdogo wangu Lovrenc,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mkeo Majda. Goti lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Unafanya mazoezi uliyoagizwa, au unamdanganya daktari kama ulivyokuwa ukimdanganya Mama? Mimi sijambo. Kikohozi cha Februari kimeniacha, na theluji ya uani bado inafika dirisha la zizi. Binti yangu Darinka angali anafanya kazi za zamu kiwandani, ndiyo maana mambo yote ya skii ya mwanawe, Brina, yameniangukia mimi.

Barua yako ya Januari nimeipata. Ina makosa mawili tu, nami nimeyasahihisha kwa penseli.

Unasema mjukuu wako Ela ameingia klabu ya skii huko Australia, na kwamba orodha ya vifaa imekutisha. Nitakushauri. Lakini kwanza nikueleze kosa nililolifanya mimi, maana najua nawe utalifanya. Tulilelewa nyumba moja.

Unakumbuka Baba alivyotusimamisha mlangoni pa zizi, mkono juu, akatupimia skii hadi kiganjani? Novemba, kwenye soko la vifaa vilivyotumika katika ukumbi wa shule, nilimsimamisha Brina vivyo hivyo. Ana miaka kumi. Nikachagua jozi nzuri, karibu mpya, iliyofika kiganjani barabara. Muuzaji alifungua kinywa aseme neno. Nilimtazama, akakifunga.

Siku ya kwanza ya mazoezi, msichana mkubwa aitwaye Ajda alipiga kelele mbele ya wenzake: "Brina, mbona umekuja na ngazi? Unapaka nyumba rangi?" Kocha wao, Gorazd, alinivuta kando kwa adabu. Akasema skii za slalomu, mbio za kupinda kati ya milingoti, siku hizi ni fupi. Mtoto zimfike kidevuni, zikizidi sana puani. Nilimjibu kwamba ndugu yangu alishinda kombe la bonde hili kwa kipimo cha kiganja.

"Mwaka gani huo, Mwalimu?" akauliza.

Nikainama kumfunga Brina kofia.

Desemba yote mtoto alianguka kwenye mlingoti wa tatu au wa nne. Nilimwambia akunje magoti zaidi. Januari, katika mashindano ya kwanza, alianguka mara mbili mbele ya bonde zima, akashuka akizibeba skii begani. Tulipokuwa garini tukirudi, akasema polepole, "Tuacheni, Bibi."

Nami, badala ya kumsikia, nikasema: "Tuko wawili tu humu, na '-ni' ni ya watu wengi. Sema 'tuache'."

Akageukia dirisha. "Haya. Tuache."

Ilikuwa sahihi kabisa, Lovrenc. Miaka arobaini nimesahihisha daftari za watu, na sikupata kujutia sahihisho hata moja kama nilivyojutia hilo.

Wiki tatu hakukanyaga mlimani. Skii alizifuta vizuri, akazisimamisha nyuma ya mlango asizione. Hakulia wala hakuninunia. Alikuwa na adabu mno, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Basi nikaoka mkate mtamu wa potica, nikaenda kwa Slavica, mama yake Ajda. Huyo nilimfundisha, na mwaka mmoja nilimfelisha sarufi. Alinifungulia mlango, akanitazama juu hadi chini.

"Mwalimu! Umeniletea ule mtihani?"

"Nimekuja tubadilishane skii. Za Brina ni ndefu. Nilikosea."

"Hapo mwisho sikusikia vizuri."

"Nilikosea, Slavica."

Akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. Kumbe Ajda alikuwa amerefuka ghafla, anahitaji skii ndefu kwa mashindano ya mizunguko mipana, na zake fupi zilikuwa stoo zikishika vumbi. Tukabadilishana skii kwa skii. Akala vipande viwili vya potica akiwa amesimama palepale, kisha akaniuliza kama nitampa alama.

Sasa ushauri. Kwa umri wa Ela jozi moja inatosha. Anayekuambia mtoto wa miaka kumi anahitaji mbili anataka kukuuzia moja. Viatu atafute vya mtoto aliyemtangulia, lakini vimbane vizuri; usinunue vikubwa kwa kusema atakua. Suti ya mashindano klabu zingine huazimisha, uliza bila kuona haya. Kunoa kingo na kupaka nta nimejifunza mwenyewe kwa pasi ile ya zamani ya Mama, ambayo sasa haigusi tena nguo. Mambo mawili usiyabanie: kofia ngumu iwe mpya, kwa kuwa hujui ya mtu imegonga nini, na vishikizo vya viatu virekebishwe na fundi kwenye karakana. Ada nayo hupungua ukijitolea kazi. Mimi hubeba makoti ya watoto kutoka juu wanakoanzia hadi chini wanakomalizia.

Brina nilimwonyesha skii fupi, nikamwambia ziko hapo, akitaka. Alikaa siku nne kabla ya kuzigusa. Kisha akakubali kushindana mara moja tu, nami nikamwahidi kwamba akisema basi, iwe basi, na kwamba sitasahihisha neno.

Mashindano yalikuwa Jumapili iliyopita, mikimbio miwili kama kawaida. Katika wa kwanza alipita milingoti yote. Kwenye mmoja aliyumba, nikafumba macho, nilipoyafumbua alikuwa amefika: wa ishirini na moja kati ya ishirini na sita. Nilikuwa nimesimama na koti lake mkono mmoja na ufunguo wa gari mkono wa pili, kama tulivyopatana. Akanywa chai kwenye kifuniko cha chupa, akautazama ufunguo.

"Weka huo mfukoni," akasema. "Twende, Bibi."

Hakusema "twendeni". Tukapanda kile kiti cha watu wawili kinachoning'inia kwenye waya, kikatupeleka juu, naye njia nzima akinieleza alivyoyumba kwenye ule mlingoti. Sikutia neno.

Alimaliza wa kumi na tisa. Jumamosi anataka kwenda tena.

Nisalimie Majda na huyo Ela, ambaye natamani nimwone kabla macho hayajachoka. Darinka anakusalimu sana. Mungu akulindie goti, na nyumba yako isipungukiwe amani. Na mtoto mpime puani.

Dada yako akupendaye daima,
Albina