Niitikie

Lahore, Jumanne

Mdogo wangu Mehnaz,

Achari yako tumeimaliza siku nyingi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Unamjua mwanangu Taufiq. Siku hizi hataki tuagane kwa "Khuda hafiz", Mungu akulinde, kama bibi zetu. Ati Khuda ni neno la Kiajemi, Mungu aitwe Allah tu. Shemeji yako humtania: "Basi na huo mkate wa naan uteme, nao wa Waajemi!"

Jana shemeji yako akienda kulazwa, alimwambia mlangoni, "Khuda hafiz, mwanangu." Kijana akamjibu, "Sema vizuri kwanza, Baba." Mzee akaondoka bila kuitikiwa.

Leo machela ilipopita kuelekea chumba cha upasuaji, Taufiq aliikimbilia akipaza sauti, "Khuda hafiz, Baba! Khuda hafiz!" Lakini mzee alikuwa keshachomwa sindano ya usingizi.

Tangu hapo anazunguka tu ukumbini. "Mama, alinisikia?" Nimemwambia baba yake alitabasamu. Akikuuliza, nawe sema nilikuandikia hivyo.

Khuda hafiz, Mehnaz. Niitikie upesi.

Dada yako,
Shagufta