Mkuu wa Huduma ya Mvua

Bukavu, Nyalukemba, tarehe 14 Oktoba

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Maman, nikitumaini kwamba huko Luhwindja mu wazima na goti lako limetulia. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inatetemeka.

Mwezi uliopita alifika biro yetu ya mtaa dada mmoja mchoraji, Ghislaine. Aliwaomba wakaaji wauwazie mji wao wa mwaka 2060, si kwa hotuba, bali kwa kutengeneza vitu kana kwamba mwaka huo umekwisha kufika. Alisema ndoto ukiishika mkononi ndipo unajua kama unaitaka. Maman Georgette, muuza samaki wadogo wa sambaza, akaandika tangazo la serikali ya 2060: kila nyumba ilete mvua ya paa lake ipimwe na kuandikwa, maana mvua inatubomolea vilima huku robine za maji zimekauka. Tulicheka sana. Likabandikwa mlangoni petu.

Jumatatu iliyofuata nilikuta foleni mpaka barabarani, kila mutu na bidon lake la maji ya mvua. Muzee Stanislas alimshitaki jirani kwamba bati lake linakula mvua ya wengine. Jirani akamjibu kwamba bati la Muzee lina kutu kama meno yake. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Maman Georgette mwenyewe. Nilipomkumbusha kwamba tangazo alilitunga yeye, alisema aliandika kwa mchezo, lakini kwa kuwa serikali imekubali, yeye ni nani abishe?

Kwa woga nilifungua daftari. Nikaandika nyumba sitini na moja. Chef wa biro yetu, Papa Barthélemy, alikuja, akalisoma tangazo kimya, akatamka kwa sauti kwamba amri ya wakubwa haijadiliwi. Hapo hapo akaniteua Mkuu wa Huduma ya Mvua. Ndicho cheo kile mlichokitolea misa ya shukrani.

Sasa Papa, kaa chini. Mukubwa aliyekubali ni mimi. Nilipoliona tangazo mlangoni bila kashe, mkono ulikataa kutulia. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Nililipiga kashe ya biro bila kusoma tarehe yake ya 2060, na chef anadhani limetoka juu.

Nilimwambia Ghislaine nikingoja anilaani. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanionyesha kilima: kwa kuogopa ukaguzi wangu watu wametundika mifereji na mapipa, na mvua ya juzi haikuingia nyumbani kwa Muzee Stanislas, mara ya kwanza kwa miaka sita.

Kesho wakubwa wa kweli wanakuja kuitembelea huduma yangu. Naweza kufukuzwa, lakini kudanganya sitaweza. Nimekwisha kuandika ukweli wote, kurasa mbili za kuwapa. Nilikusudia uwe ungamo la mutu wa kawaida tu, Papa, lakini nilipoutazama nao nikaupiga kashe.

Mwombe padri apunguze shukrani kidogo. Na umzuie Maman: nasikia amenitumia bidon la mvua ya paa lenu, na Luhwindja haiko katika eneo letu.

Wasalimu wote wa nyumbani, na mniombee asubuhi.

Mwanao anayekuheshimu,
Elysée