Taa ya Breki Niliyoizima

Jumapili, 2 Machi

Leo tumepanda gari wote saba! Ule mstari wa tatu wa siti nilioupigania wee mpaka koo likanikauka, leo umejaa. Mama mkwe kakaa huko nyuma, kitinda mimba kamlalia mapajani. Zamani tukitoka ilikuwa lazima mtu abaki, na aliyebaki siku zote ni yeye. Kaniambia, mwanangu, leo umenihesabu na mimi. Machozi yakanilengalenga.

 Baba watoto kanikumbusha tu kwamba mtumba huu umeshatembea kilomita laki moja na tisini. Alitaka gari dogo, najua. Watoto wameshalipa jina: Jumba.

Jumatano, 5 Machi

Shokapu za nyuma zimekufa. Zote mbili! Tairi moja limelika upande. Petroli — sitaki hata kuandika.

Baba watoto hakufoka. Heri angefoka. Kaweka kijiko chini, kasema: ubovu mwingine mmoja tu, Jumba linauzwa. Na huyu akisema, kasema. Mama mkwe alikuwa palepale anakunja nguo, akajifanya hakusikia. Mimi nilimwona mikono ikisimama.

Jumatatu, 10 Machi

Taa nyekundu! Ya breki! Imewaka kwenye dashibodi nilipokuwa nawapeleka watoto shule. 

Nikapitia gereji kabla ya kazi. Fundi kaingia uvunguni mwa gari, kafungua boneti, katoka anafuta mikono. Pampu ya breki inavuja, mafuta yake yanapungua kidogo kidogo. Nyingine mpaka iagizwe, wiki mbili. Nikamuuliza, naweza kuendesha? Kanijibu: mjini, polepole, huku unaongezea mafuta. Milimani usithubutu.

Halafu nikafanya kituko. Nikamfuata fundi umeme, jirani yake, nikamwomba aizime ile taa. Kanikazia macho. "Dada, taa haina kosa." Nikasema najua, wiki mbili tu, mume wangu asiione. Kachomoa waya. Dakika tano, kwisha.

Mimi huyuhuyu! Nashinda duka la dawa nikiwagombeza watu: acheni kumeza vidonge vya maumivu mkanyamaza, nendeni mkapimwe.

Alhamisi, 13 Machi

Baba watoto akiingia kuoga tu, natoka mbio na chupa ya mafuta ya breki, nafungua boneti, naongeza. Hii mara ya pili. Mwizi wa gari langu mwenyewe! Leo kaniita kwa sauti, nusura chupa initoke mkononi. Kumbe anataka taulo. Nimecheka peke yangu.

Namwogopa yeye au naogopa gari? Sijui tena.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa. Dada yake mama mkwe kalazwa, hali si nzuri. Yuko ng'ambo ya milima! Safari ya kumtembelea iliyopangwa mwezi ujao imekuwa kesho. Baba watoto, mama yake, watoto wote wanne. Mimi nina zamu dukani.

Nikasema, kwa nini msipande basi? Baba watoto kanishangaa. Watu sita? Sasa gari tulinunua la nini? Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tulinunue, akalisifia: tangu tubadilishe shokapu halina neno.

Mama mkwe keshafunga begi lake, ananiombea dua. Mara tatu nimefungua mdomo. Mara ya tatu nikawaambia wasisahau maji ya kunywa. Mwoga wa kutupwa mimi! Nitamwambia baba watoto asubuhi kabla hawajatoka. Lazima.

Jumamosi, 15 Machi

Wameondoka nimelala! Eti hawakutaka kuniamsha. Chupa imo mkobani mwangu, sijaongeza tone tangu juzi.

Saa mbili na nusu, dukani. Simu ya baba watoto haipatikani. Watakuwa wanapanda mlima. Nimempa mteja dawa ya mtu mwingine, mwenzangu kamkimbilia mlangoni.

Saa tatu. Inaita, hapokei. Ee Mungu, wanangu.

Saa tatu na robo. Kapokea kifungua mimba, kaweka spika, wote wananisikia. Nikauliza, breki zikoje? Nikamsikia baba watoto anacheka: pedeli imelegea kidogo, lakini hakuna taa iliyowaka, mama watoto, wacha wasiwasi. Wamevuka kilele, ndiyo kwanza wanaanza kuteremka.

Nikasema. Mbele ya mkwe wangu, mbele ya wanangu, mbele ya wateja. Taa niliizima mimi. Breki zinavuja. Simama!

 Muungurumo tu. Kisha sauti yake, sijawahi kuisikia hivyo: "Pedeli inakwenda mpaka chini." Anashusha gia, injini inalia. Breki ya mkono inakwaruza. Mama mkwe anawaamuru watoto wafunge mikanda, hata sauti haimtetemeki. Kitinda mimba ananiita.

Kifungua mimba kasogeza simu mdomoni. "Mama, baba anasema usikate."

Sijakata. Nimeibana begani. Naandika ili nisipige yowe masikioni mwao.